Nimechomeka laptopu kwenye swichi lakini sioni mawasiliano ya wenzangu. Nianzie wapi?

*"Nafanya kazi katika ofisi ya kliaringi hapa Malaba. Tuko watu 14, kompyuta 11, kamera 6 za ulinzi, na waifai ambayo wateja na madereva huitumia wakisubiri hati zao. Tunalipia intaneti ya faiba ya megabiti 20 kwa sekunde. Kila siku kuanzia saa nne asubuhi mtandao unakuwa mzito hadi ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, inagoma kupokea hati, na jioni unarudi vizuri. Bosi ameniagiza nimtafute anayekula intaneti. Niliweka Wireshark, programu ya kunasa data ya mtandao, kwenye laptopu, nikaichomeka kwenye poti iliyo wazi ya swichi yetu ya poti 24 inayounganisha kompyuta zote, nikakaa nayo siku nzima. Nilichoona ni mawasiliano yangu mwenyewe na kelele za kompyuta kuulizana nani ana anwani ipi. Je, swichi imeharibika? Rafiki mmoja ananishauri nitafute habu ya zamani. Mwingine amenipa programu ya kuzidanganya kompyuta zote zipitishe data kwangu. Nifanye nini?"*

Ndugu yangu, swichi yako ni nzima. Ulichokiona siku ile ndicho swichi nzima inachopaswa kukuonyesha. Usiinunue nyingine kwa sababu hiyo, na kabla hujachukua ushauri wa marafiki zako wawili, naomba unisome hadi mwisho.

Swali la bosi wako lina maswali mawili ndani yake. La kwanza: ni poti ipi inayopitisha data nyingi saa nne asubuhi? La pili: data hiyo ni ya kazi gani? Hapo Malaba tofauti hii unaiona kila siku kwa macho. Lori likipanda mizani, uzito wake unajulikana bila mtu kufungua turubai. Wakishuku kitu, ndipo mzigo unashushwa na kukaguliwa. Wewe ulianza kwa kutaka kufungua turubai za malori yote wakati hujapima hata moja. Wireshark ni chombo kizuri sana, lakini kazi yake ni ukaguzi wa mzigo. Ofisi yako inahitaji mizani kwanza, na mizani hiyo huenda tayari imo ndani ya swichi.

Nikueleze kwa nini hukuona kitu. Habu za zamani zilikuwa kama kipaza sauti: kompyuta moja ikisema neno, poti zote zinalisikia, na kila kompyuta inajiamulia kama neno ni lake. Enzi zile ungechomeka laptopu popote ukasikia kila kitu. Swichi haifanyi hivyo. Fremu, yaani kifurushi cha data, ikiingia kupitia poti ya 3 kutoka kwa kompyuta ya mhasibu, swichi inasoma anwani ya MAC (namba inayotambulisha kifaa) ya aliyeituma na kuandika kwenye jedwali lake kwamba anwani hii iko poti ya 3. Fremu yoyote inayokwenda kwa mhasibu baadaye inapelekwa poti ya 3 peke yake. Anwani ikikaa kimya kwa muda, mara nyingi sekunde 300, inafutwa na kujifunzwa upya. Kinachotumwa kwenye poti zote ni matangazo ya wote, kama yale maulizo ya anwani uliyoyaona, pamoja na fremu ambazo swichi bado haijui mwenyewe yuko wapi. Ukimya uliokukatisha tamaa ndio huo huo unaozuia dereva aliyechomeka waya kwenye sebule ya wateja asisikie bosi wako akizungumza na benki.

Sasa habu. Habu hupitisha megabiti 10 au 100 kwa sekunde, na mmoja tu ndiye anayezungumza kwa wakati mmoja. Ukiiweka kati ya swichi na ruta, kile kifaa kinachowaunganisha na intaneti, migongano itaanza na njia itakuwa nzito kuliko ilivyokuwa, kisha utakaa siku nzima ukipima ugonjwa ulioupandikiza wewe mwenyewe.

Programu ya kudanganya kompyuta ni jambo zito zaidi, na hapa nasema bila kupindisha: usiitumie. Inazitumia kompyuta zote ujumbe wa uongo kwamba ruta ni wewe. Zikiamini, laptopu yako inageuka daraja la ofisi nzima. Ikikwama au ukifunga programu vibaya, kompyuta zinabaki na anwani ya uongo na ofisi inakatika mtandao hadi kumbukumbu hiyo ifutike, huku hati za wateja zikisubiri. Tena kuna sheria. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inalinda faragha ya mawasiliano ya mtu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inakataza kunasa mawasiliano bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka mtu aelezwe data gani inakusanywa na kwa sababu gani. Dereva aliyeingia kwenye waifai yenu kumpigia mkewe hakukupa ruhusa ya kupitisha maneno yake kwenye laptopu yako.

Basi tuanze na mizani. Kwanza jua swichi yako ni ya aina gani. Soma namba ya modeli kwa chini au kwa nyuma. Je, ina anwani ya IP, yaani namba yake mtandaoni, na ukurasa wa mipangilio unaoingia kwa nywila? Kama ipo, kila poti ina vihesabio vinavyoongezeka bila kukoma: baiti zilizoingia, baiti zilizotoka, makosa, na pakiti zilizotupwa. Kama swichi ni ile ya kuchomeka na kusahau, haina namna ya kukueleza chochote zaidi ya taa kupepesa. Hapo huhitaji kuitupa. Nunua swichi ndogo ya poti 8 yenye ukurasa wa mipangilio, iweke kati ya ruta na swichi kubwa, kisha vifaa unavyovishuku, yaani kifaa cha waifai na kinasa cha kamera, vihamishie kwenye hiyo ndogo. Kabla ya kulipa uliza kama ina SNMP na kama inaweza kuakisi poti (yote mawili nitayaeleza hapo chini), kwa sababu nyingi za bei nafuu zina uakisi lakini hazina SNMP. Na kama ruta yenu ni ya kampuni ya MikroTik, kuna chombo ndani yake kinaitwa Torch ambacho kwa dakika moja kitakuonyesha ni anwani ipi ya IP inavuta kiasi gani kuelekea nje. Kifungue kwenye upande wa ndani wa ruta. Ukikifungua upande wa nje, kila kitu kitaonekana kimetoka kwa anwani moja ya ruta.

Kabla hujaandika namba yoyote, tafadhali shika jambo hili moja, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoanza kazi nililikosea wiki nzima na kumshuku mtu asiye na hatia. Maneno "kuingia" na "kutoka" kwenye vihesabio yanasemwa kwa kinywa cha swichi. Sekretari akishusha filamu, data inatoka kwenye swichi kwenda kwake, kwa hiyo kwenye poti yake kitakachopanda ni kihesabio cha kutoka. Data hiyo hiyo, kwenye poti inayokwenda kwa ruta, inahesabiwa kama inayoingia. Chora mshale kwenye karatasi na uibandike juu ya swichi kama itakusaidia.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Saa 4:00 asubuhi soma baiti zilizoingia kwenye poti ya ruta, saa 4:05 soma tena. Toa ya kwanza kwenye ya pili, zidisha kwa 8 upate biti, gawanya kwa sekunde 300. Tuseme tofauti ni baiti milioni 600: hizo ni biti milioni 4,800, ukigawanya unapata megabiti 16 kwa sekunde. Kwa njia ya megabiti 20, hiyo ni asilimia 80, na kwa kuwa ni wastani wa dakika tano, ujue ndani yake kuna sekunde nyingi ambazo njia ilijaa kabisa. Fanya hivyo kwa poti zote saa mbili asubuhi, saa nne, saa saba na jioni. Daftari na kalamu vinatosha kwa siku tatu za kwanza.

Baada ya hapo utachoka kuandika, na hapo ndipo SNMP inapoingia. Ni lugha ambayo kompyuta moja hutumia kuiuliza swichi vihesabio vyake kila baada ya dakika chache na kuchora grafu. LibreNMS, Cacti na Zabbix ni za bure na zinakaa vizuri kwenye kompyuta ya mezani ya zamani yenye Linux. Mambo mawili yanawaangusha wengi. La kwanza ni vihesabio vya biti 32, ambavyo hujaa vikifika baiti kama bilioni 4.29 na kuanza upya kutoka sifuri. Poti ya gigabiti iliyojaa inamaliza duru hiyo kwa sekunde 34 hivi, na ukiuliza kila dakika tano, grafu itakudanganya mara tu wastani wa poti ukipita megabiti 114. Njia yako ya nje haifiki huko, ila poti ya seva ya mafaili inaweza. Chagua vihesabio vya biti 64, na kwa hilo unahitaji SNMP toleo la 2c au la 3. La pili ni neno la siri: swichi nyingi hutoka kiwandani likiwa "public", na kila mtu duniani analijua. Libadilishe, na kama swichi inaweza toleo la 3 lenye usimbaji, yaani kuficha data kwa msimbo, tumia hilo.

Sasa nikueleze ninachokitazamia kwenye grafu zako. Umesema uzito huanza saa nne na kuisha jioni. Kamera zinarekodi usiku na mchana, kwa hiyo kurekodi kwenyewe ndani ya ofisi hakuwezi kuwa sababu, maana data hiyo inaishia kwenye kinasa na haigusi njia ya nje. Lakini je, kuna mtu anayezitazama kamera hizo kwa simu akiwa mbali, mchana? Kamera moja ya picha safi inaweza kutumia megabiti 4 kwa sekunde. Sita ni 24. Njia yako ni 20. Mtu akifungua kamera zote sita kwa ubora wa juu akiwa Tororo au Kampala, data yote hiyo inapanda kutoka ofisini kwenu. Kama mtu huyo ni bosi, mwonyeshe grafu kwa heshima na umpangie atazame kwa ubora mdogo, ambao vinasa vingi vinao. Hatachukia, kwa sababu ni biashara yake inayokwama.

Na hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Njia ya kupandisha ikijaa, hata kushusha kunakufa. Kompyuta inaposhusha kitu, kila mara inatuma risiti ndogo kwa seva kusema nimepokea, endelea. Risiti hizo zinapita njia ya kupandisha. Ikijaa picha za kamera, au picha za simu zinazojihifadhi zenyewe mara tu zikikutana na waifai ya bure, risiti zinakaa foleni ndani ya ruta kama gari dogo lililonaswa nyuma ya malori. Seva inasubiri risiti, inapunguza mwendo, na wewe unaona ukurasa wa ASYCUDA unazunguka tu. Na kazi yenu ni ya kupandisha hati zilizoskaniwa, kwa hiyo mnaumia mara mbili. Ndiyo maana nakusihi utazame grafu zote mbili za poti ya ruta. Mtu anayetazama ya kushusha peke yake ataona megabiti 5 na kusema mtandao hauna shida.

Usisahau safu ya makosa. Poti yenye makosa ya CRC (fremu zilizofika zikiwa zimeharibika) yanayoongezeka kila siku ina waya mbovu, plagi iliyobanwa vibaya, au kebo ya bei nafuu ambayo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Tazama pia mwendo uliokubaliwa. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya, na panya akikata jozi moja poti inaweza kushuka hadi megabiti 100 bila kukuambia. Ukiona poti imesimama kwenye 10, au upande mmoja unazungumza na kusikiliza kwa pamoja huku mwingine ukipokezana, hapo umepata tatizo ambalo Wireshark isingekuonyesha kirahisi. Badilisha kebo, soma vihesabio tena kesho yake.

Ikiwa mizani imekuonyesha poti na bado hujaelewa data hiyo ni ya nini, sasa ndipo tunakagua mzigo, tena kwa njia halali ya swichi yenyewe: kuakisi poti. Unaiambia swichi itengeneze nakala ya kila kinachopita poti fulani na kuitoa kwenye poti uliyochomeka laptopu. Kampuni ya Cisco huiita SPAN, na kwenye swichi zao nyingi ni mistari miwili, kwa mfano ruta ikiwa poti ya 24 na laptopu ya 10:

`monitor session 1 source interface gi0/24 both`

`monitor session 1 destination interface gi0/10`

Ukimaliza, `no monitor session 1` inaondoa. Kwenye swichi za aina nyingine ni kisanduku cha kubofya kwenye ukurasa wa mipangilio. Laptopu iliyo kwenye poti ya kupokea nakala kwa kawaida haipati intaneti wakati huo, usishtuke. Na usiakisi poti zote 24 kwenda moja. Hata kiungo kimoja cha gigabiti kinaweza kubeba gigabiti moja kila upande, jumla mbili, wakati poti ya laptopu inatoa moja tu, na kilichozidi kinatupwa kimyakimya. Utadhani pakiti zinapotea mtandaoni kumbe zimepotea kwenye nakala. Akisi poti ya ruta peke yake: 20 kwenda na 20 kurudi hata zikijaa ni 40, na laptopu yoyote inamudu.

Ndani ya Wireshark fungua takwimu za mazungumzo, panga kwa baiti, na utaona nani anazungumza na nani. Sehemu kubwa ya data siku hizi imesimbwa, kwa hiyo utaona anwani ya huduma na ukubwa, hutaona kilichoandikwa. Hilo linatosha kabisa kwa kazi yako. Weka mpaka wa kunasa baiti 96 za mwanzo za kila pakiti. Anwani na vichwa utavipata, maudhui mengi utayaacha, na faili litakuwa dogo. Faili hilo litunze kama unavyotunza hati za wateja, na ulifute ukimaliza. Kabla ya kuanza, bosi aandike ruhusa, na wafanyakazi waambiwe siku gani mnapima na kwa nini. Mimi ningebandika tangazo hata kwenye ukuta wa waifai ya madereva.

Kuna mahali ambapo swichi haitakufikisha. Simu thelathini za madereva zilizo kwenye kifaa kimoja cha waifai zinaonekana kwenye swichi kama poti moja. Utajua waifai ndiyo inayokula, hutajua simu ipi, na simu nyingi za sasa hujipa anwani za MAC za kubuni. Kwa maoni yangu usihangaike kumtafuta dereva. Tenga waifai ya wateja na ya ofisi, kisha kwenye ruta iwekee kikomo, tuseme megabiti 4 za kushusha na 2 za kupandisha kwa wageni wote pamoja. Ningefanya hivyo hata kama uchunguzi ungeonyesha kosa liko kwingine, kwa sababu ofisi inayoishi kwa kupandisha hati haipaswi kugawana njia na video bila mpaka.

Kuhusu msaada wa mtu wa kuja mwenyewe, mwite fundi wa mtandao kama makosa ya CRC yanaendelea baada ya kubadilisha kebo, kama poti kadhaa zilianza kusumbua baada ya radi, au kama taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja bila kupumzika na mtandao umesimama, maana huo mara nyingi ni mzunguko wa waya uliochomekwa pande zote mbili kwenye swichi ile ile. Kama grafu ya poti ya ruta haijafika hata nusu ya mnacholipia na bado mtandao ni mzito, tatizo huenda liko kwa mtoa huduma. Mpelekee grafu zako zenye saa na tarehe, na umwombe grafu yake ya kiungo chenu, kwa sababu anayo. Ukiona kompyuta moja inapandisha data nyingi usiku wakati ofisi imefungwa, kwenda anwani msizozijua, ichomoe kwenye mtandao lakini usiizime wala kuifuta. Tafuta mtaalamu wa usalama siku hiyo hiyo, na mnaweza pia kutoa taarifa kwa CERT.UG, kitengo cha taifa cha dharura za kompyuta kilicho chini ya NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari ya Uganda, kwa kuwa kwenye kompyuta zenu mna ankara na namba za kodi za watu wengine.

Jumatatu basi, saa mbili kasorobo, kabla wenzako hawajafika, simama mbele ya swichi na uandike kila waya unakwenda kwa nani. Bila orodha hiyo, poti ya 17 itakuwa namba tu. Ukiishapata namba za siku tatu, nitumie pamoja na modeli ya swichi na ya ruta, nami nitakusaidia kuzisoma.